Wivu Wangu wa Ndege

Wenzangu mliokua wakati ndege bado ilikuwa na adabu, mtanielewa. Sisi wa mabanda ya Kangemi tuliona tumbo lake tu, likipita juu ya kamba za nguo. Aliyeingia ndani ni binamu yangu Mwende, wa Kileleshwa kwa wenye pesa. Kila Desemba yeye na wazazi wake waliruka kwenda Mombasa, nasi tukaenda Kitui kwa basi, miguu juu ya gunia la unga.

Alirudi na karatasi za peremende walizogawiwa ili masikio yasizibe. Peremende zenyewe alikuwa amezimaliza. Tulinusa karatasi kwa zamu huku akitusimulia sambusa ndogo zenye joto, keki, na mhudumu aliyepiga goti kando ya kiti chake akamuuliza, "Na wewe mrembo, utapenda nini?"

Kwetu hakuna mtoto aliyewahi kuulizwa hivyo. Mama alikuwa na jibu moja kwa wote: "Kula kilichopikwa. Hapa si hoteli." Wivu ukaniuma kama jino bovu. Keki ningeweza kuisahau, lakini nilitaka mtu apige goti aniulize mimi.

Mwaka huu ndipo nilipopanda ndege mara ya kwanza, kwenda Kisumu na Ndinda, binti wa dada yangu. Nilivaa rinda la Jumapili. Asubuhi sikunywa hata chai, ili niache nafasi tumboni. Toroli ya mhudumu ilipokaribia nilinyoosha rinda langu. Jibu nilikuwa nalo tayari, tangu utotoni.

Mhudumu alisema, macho yake yakiwa kwa abiria wa nyuma, "Maji ni ya kununua. Unataka ama hutaki?"

Nikasema sitaki.

Tulipotua nilimpigia Mwende. Alicheka mpaka akakohoa. "Wewe nawe, unapanda ndege na njaa? Siku hizi mimi hubeba chapati."

Ndinda, aliyesafiri magoti yamekunjwa kama ya panzi huku akipiga picha mawingu, hakuona kosa lolote. "Anti, si tumefika? Kwani ulitaka wakubembeleze?"

Nilitaka, ndiyo. Watoto wa leo wakifikishwa tu wanashukuru. Mwende alibembelezwa hadi akachoka, na Ndinda hajui kwamba watu walikuwa wakibembelezwa. Mimi nimefika meza ikipanguswa, na sasa ninawaonea wivu wote wawili.