Kihispania cha Bi Mardhiya

Bi Mardhiya hakujiunga na darasa la Kihispania kwa kupenda. Bintiye, Ruqaiya, aliolewa na kijana wa Zaragoza, Hispania, aitwaye Íñigo. Mwaka 1998 Ruqaiya alipojifungua mtoto wa kike, mama yake Íñigo, Doña Visitación, alifunga safari akahamia kwenye fleti yao ya Kilburn kusaidia kulea. Kiingereza hakujua hata cha kuombea maji. Na kila Bi Mardhiya alipokwenda kumwona mjukuu, alikuta dirisha wazi, baridi ya Februari yaingia, mtoto kalala. Akilifunga, mwenzake analifungua huku anatabasamu.

"Mwambie mkweo," alimwambia Ruqaiya.

"Mwambie mwenyewe, mama. Mie nimechoka ukalimani."

Basi akaenda darasani. Mwalimu Norbert alikuwa Mkongo wa Bukavu aliyesomea Hispania, na Bi Mardhiya alipomsikia akisema Kiswahili, japo cha kwao, alimshukuru Mungu. Hakujua kwamba roho yote ya mwalimu huyo iko kwenye Kihispania cha kale, kwenye mashairi ya zama ambazo Waislamu walikuwa bado wanatawala Granada. Somo la kuagiza chakula likianza, chakula hakifiki mezani; Norbert keshaacha njia, anaeleza kwa nini watu wa kale waliweka f penye h ya leo, wakasema "fablar" badala ya "hablar", yaani kusema. Bi Mardhiya akanakili kila kitu, cha kale na cha leo, bila kujua kipi ni kipi.

Siku moja Norbert alimwekea mbele ukurasa wa Kihispania kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu, kazi ya Waislamu waliobaki kule baada ya wafalme wa Kikristo kuishika nchi.

"Mama, unisomee hii. Hizi herufi unazijua."

Alizijua kweli, bibi yake kule Unguja aliandika Kiswahili kwa herufi hizo hizo. Akasoma. Norbert machozi yakamlengalenga.

"Sasa nimesema nini?" Bi Mardhiya aliuliza.

Norbert alikuwa keshageukia ubao. Hakumsikia.

Jumapili yake akaenda kwa bintiye, akainama juu ya mtoto, akamsifu kwa sauti kuwa ni binti mzuri mno: "¡Qué fija tan fermosa!"

Doña Visitación alicheka mpaka akaketi.

"Anacheka nini?"

Íñigo akaona haya. "Anasema unaongea kama watu waliozikwa zamani sana."

Darasani Bi Mardhiya hakungoja hata kuvua koti. "Mwalimu, nakuheshimu, lakini umenifedhehesha! Mjukuu wangu apigwa na baridi, wewe wanifunza lugha ya makaburini!"

"Mama, ile f iko na historia kubwa..."

"Sina haja na historia yake!"

Norbert akavua miwani, akaifuta taratibu. "Unataka kusema nini, Mama?"

"Funga dirisha, mtoto ataugua. Basi!"

Akamwandikia, akamkaririsha maneno mpaka yakakaa mdomoni. Ilionekana wazi kuwa inamuuma, kufundisha sentensi isiyo na kisa nyuma yake.

"Cierre la ventana, que la niña se nos pone mala," Bi Mardhiya alimwambia mkwe mwenzie aliporudi kwenye fleti.

Doña Visitación aligeuka upesi. Kisha maneno yakamtoka kama bomba lililopasuka, mkono ukinyooshwa kwenye hita, kwenye paji la mtoto, kwenye hita tena. Bi Mardhiya aliambulia neno moja tu, "calor", joto. Akagusa hita. Ilikuwa ya moto kama kikaango. Akagusa shingo ya mtoto, imelowa jasho. Wakaipunguza hita, dirisha likafungwa, nao wakageukia ugomvi mwingine: kama mtoto apewe maji ya shamari ya kutuliza tumbo au asipewe.

Miaka ikapita hivyo. Bi Mardhiya hakuacha darasa, kwani kila akijifunza jibu moja, Doña Visitación alikuwa na hoja mpya. Kufika mwaka 2005 waligombana kwa Kihispania bila mkalimani, na mjukuu wao, aliyewaelewa wote wawili, akawajibu kwa Kiingereza kwamba wanamchosha.