Karatasi Mbili Dirishani

Shangazi yangu amekuwa fundi wa maabara ya umeme ya chuo kwa miaka ishirini na miwili, na siku alipoambiwa amepika matokeo, mimi ndiye niliyekuja juu kuliko yeye.

"Tulia, mwanangu," aliniambia. "Hasira zako hazina mita ya kuzipima."

Saketi iliyotoa matokeo hayo aliiunda mwenyewe: koili, kapasita mbili, na rezista yenye kumbukumbu, ambayo ukinzani wake hutegemea umeme uliokwisha kupita ndani yake. Ukiiwasha, mstari kwenye skrini huzunguka huku na kule wala haurudii njia yake. Kabla ya kila kipimo, shangazi huondoa chaji kwenye kapasita, kisha huipitishia rezista umeme wa kinyume kwa dakika kumi. Anasema anaisahaulisha.

Daktari, mkuu wa maabara, hana dakika kumi. Alirudia kipimo harakaharaka bila kuisahaulisha rezista, akauchapa mstari, akaweka karatasi yake juu ya ile ya shangazi, akaziinua dirishani. Mistari haikulingana. Bila haya, akauandikia uongozi kwamba fundi ni mwongo, afukuzwe. Hakumuuliza hata neno moja.

Kwenye kikao kilichoitishwa kumhoji, shangazi alibeba saketi ndani ya beseni la plastiki. Mimi nilimshikia nyaya. Akaisahaulisha rezista mbele ya wote, dakika kumi kamili, Daktari akitazama saa yake. Akachapa mstari. Akaanza upya, akachapa wa pili, akaziinua karatasi dirishani. Mwanzoni mistari ilifuatana, kisha ikaachana kabisa.

"Mnaona? Hata zake mwenyewe hazilingani," Daktari akadakia.

"Wala hazitalingana, Daktari. Tofauti ndogo tu mwanzoni, hata joto la chumba, inatosha kuzitenganisha. Kisichobadilika ni umbo la jumla la mizunguko, nalo ndilo la kulinganisha. Mimi ningekuwa nimepika, si ningehakikisha zinalingana?"

Mwenyekiti wa kikao alikohoa. Daktari akajifanya anatafuta kalamu.

Wiki iliyofuata ikaja barua: "Umesamehewa. Endelea na kazi." Kusamehewa, mtu aliyesingiziwa! Nilitaka kuichana. Shangazi akaninyang'anya, akavaa miwani, akalikata lile neno la kwanza na kuandika juu yake: "Sikukosa." Kisha yeye mwenyewe akampelekea mwenyekiti, akavuta kiti, akakaa mbele yake mpaka barua ilipochapwa upya.