Siku Nilipomwita Baba Boyi

Sisi tuliokulia Likasi enzi zile hatukuhitaji saa. King'ora cha kiwanda cha shaba cha Shituru kilituamsha, moshi wake ukatukwaruza koo, tukaenda shule midomo imepasuka kwa baridi. Tulicheza nzango, ule mchezo wa wasichana wa kuruka na kurusha miguu, uani kwa masista mpaka soli za viatu zikaachia, jioni bukari, ugali wetu, na dagaa wa kapenta. Raha tupu. Lakini kuna neno moja la siku hizo ambalo hadi leo likitajwa natazama chini.

Neno lenyewe ni boyi. Kwa Kiingereza, naambiwa, ni mtoto wa kiume, ingawa zamani huko kwao pia liliwahi kuwa mtumishi. Kwetu lilifika na wazungu, likawa jina la mtumishi wa nyumbani, hata awe na mvi na wajukuu. Kinyumba chake cha nyuma ya jumba la tajiri kikaitwa boyeri. Sisi tulikaa boyeri. Baba alikuwa mpishi wa mhandisi mmoja.

Kila mwanzo wa mwaka mwalimu aliita majina, nawe ukasimama kutaja kazi ya baba yako. Wenzangu walisema fundi, dereva wa treni. Mimi nikasema mhandisi. Nani angebisha? Waliniona kila siku nikiingia kwa lango kubwa la lile jumba.

Asubuhi moja ya baridi ya Juni nilisahau triko, sweta yangu ya shule. Baba aliacha sufuria motoni, akaniletea shuleni, aproni nyeupe bado kiunoni. Rafiki yangu Odile akaniuliza yule ni nani.

"Ni boyi ya kwetu," nikasema.

Baba alikuwa hatua tatu tu kutoka tuliposimama. Odile akamwuliza kama ni kweli. Baba akanitazama kidogo, kisha akainamisha kichwa.

"Ee, mademoiselle. Miye boyi ya kwabo. Mama yake njo alinituma."

Akanipa triko kwa mikono miwili, kama anavyopewa mtoto wa tajiri. Jioni alinipakulia chakula kama kawaida, hakugusia, wala hakumwambia mama. Afadhali angenichapa. Mkataa kwao mtumwa, na mtumwa siku ile hakuwa baba.

Leo mtoto wa dada yangu amenunua kofia yenye neno hilo kwa herufi za dhahabu, na wenzake wanaitana boyi kama wamepewa cheo. Tunawasema vijana hawa hawana heshima, suruali zinawaanguka. Juzi nilikuwa naye sokoni, baba yake akatokea anasukuma baiskeli ya magunia ya makaa, uso mweusi tii kwa vumbi. Nilidhani kijana atajificha. Akawaita wenzake wote.

"Mukuye musalimie baba yangu."

Enzi zetu tulikuwa na adabu nyingi sana. Ila hilo moja la "baba yangu" lilinishinda, na baba amekufa hajalisikia kinywani mwangu mbele ya watu.