Unga wa Mistafeli

Harufu ya ua la mstafeli, tamu na nzito kama tunda lililoiva kupita kiasi, hunirudisha barazani kwetu Mnyambe. Mama alichuma maua alasiri, akayatandaza kwenye gazeti, kivulini. Kufikia alfajiri yalikuwa yameachia chavua. Tukaichekecha kwa kitambaa chepesi, tukapata unga wa rangi ya maziwa. Kwa brashi ndogo tuliupaka ndani ya maua yaliyokuwa ndiyo kwanza yanafunguka, maana wadudu wa kwetu ni wavivu. Mistafeli yetu ikazaa hadi matawi yakawekewa nguzo.

Jirani yetu, Mama Hadija, ambaye mistafeli yake ilipukutisha maua tu, akasema kisimani, "Mama Somoe anaroga. Nimemwona alfajiri ananyunyiza unga mitini."

Wakamwamini. Bibi yangu, mzaa mama, alipofariki msimu ule, hakuna mwanamke aliyekuja kutwanga wala kupika msibani. Mama alipika peke yake, mimi nikichochea kuni.

Msimu uliofuata Mama Hadija akaja, kanga imemfunika nusu uso. "Mama Somoe, bwana shamba anasema ule ni unga wa maua tu. Nigawie kidogo."

"Njoo kesho kutwa," Mama akamjibu, mpole kabisa.

Unga wa kumpa Mama Hadija akauanika juu ya bati, kwenye jua kali.

"Mama, si ulisema jua linauua?"

"Mwosha huoshwa, mwanangu. Nyamaza."

Mama Hadija akapaka maua yake siku ya mnada, shamba lake likiwa kando ya njia. Wale wale aliowaambia habari za uchawi wakasimama kumtazama. "Kumbe na wewe umo!" mmoja akapaza sauti. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Maua yote yakadondoka.

"Unga wako haukufanya kitu," akaja kulalamika.

"Labda ni mkono wako," Mama akamwambia.

Kwa miaka mingi nilidhani Mama alilipiza kwa ajili ya jina lake tu. Kisha naye akafariki. Wanawake wakaninyang'anya mwiko: "Wewe lia, chakula tuachie." Nililia hadi sauti ikakauka, na katikati ya kilio nikaelewa. Mama alikuwa akisonga ugali mwili wa mama yake ukitolewa. Hakupata hata nafasi ya kumlilia.

Mama Hadija naye alikuja, amezeeka, mchi mkononi.

"Shikamoo, mama," nikamwamkia. "Huo mchi rudi nao."