Zadock na Waya Baridi

Miaka kumi na tisa Zadock Were aliunga nyaya za stima zinazopita chini ya ardhi, na neno lililomlinda lilikuwa moja tu: baridi. Waya yenye stima mafundi huiita moto. Iliyozimwa ni baridi. Mwenzake Tobias akiita "baridi" kutoka kwenye swichi, Zadock hushuka shimoni, maneno kwisha.

Basi mwaka wa sabini na nne, wakinywa chai kando ya shimo kule Hurlingham, Nairobi, msimamizi wao Harbhajan Singh akafungua jarida alilotumiwa na nduguye aliye Uingereza.

"Sikia hii, Zadock. Ng'ambo wanajaribu waya mpya. Wanaipoza mpaka baridi ya Mlima Kenya ni jiko kando yake. Hapo stima inapita yote, hakuna kupotea njiani. Waya moja kama mkono yako inalisha Nairobi mzima."

"Na haipati moto?"

"Hata kidogo."

"Yaani ni baridi, na stima imo."

"Imejaa."

Tobias akacheka. "Hiyo ukishika, mzee, tunakuzika ukiwa barafu."

Zadock hakucheka. Jioni, kwake Waithaka, ambako stima yenyewe haijafika, mkewe Nakhumicha alimwambia, "Kula basi, ugali umekuwa baridi." Zadock akarudisha mkono kama aliyeungua.

Kesho yake Tobias akaita, "Baridi, mzee, ingia." Zadock akaganda ukingoni. Akapima kwa taa, haikuwaka. Akapima tena. Mara ya tano jua lilikuwa utosini. Ikawa hivyo wiki nzima, mpaka Harbhajan akamwita kando.

"Shimo moja, siku tatu. Kama unaogopa, Jumatatu unaenda stoo kupanga mabuti."

Stoo! Yeye aliyejua kiungo kibovu kwa kukigusa tu kwa mgongo wa mkono.

"Siogopi waya, Bwana Singh. Ni hilo neno, limeniharibikia. Tobias aseme imezimwa."

"Neno tu, na umetusumbua hivi?" Tobias akauliza kutoka kwenye swichi.

"Wewe unalisema ukiwa juu. Mimi ndiye niko nalo chini."

Harbhajan akajikuna chini ya kilemba. "Haya. Imezimwa."

Jumatatu walikuwa mtaa wa Jamhuri. "Bari—" Tobias akalimeza. "Imezimwa, mzee."

Zadock akashuka. Akapima mara moja, akaweka mgongo wa mkono kwenye waya. Ilikuwa baridi, baridi kama jiwe la mtoni. Akauondoa mkono, akainua uso.

"Tobias, hebu sema tena."