Makosa ya Perizat Yalikuwa na Mwenyewe

Saa mbili na dakika arobaini asubuhi, Zuurakan Mambetova amekaa dawati la mwisho la darasa la sita A, magoti yakigonga ubao kwa sababu dawati ni la mtoto. Nje, theluji ya Machi bado imeng'ang'ania paa la ghala la makaa. Mbele yake ipo fomu yenye visanduku ishirini na viwili. Amejaza viwili tu: tarehe, na jina la mwalimu mwanafunzi, Perizat Asanova.

Perizat, mwenye umri wa miaka ishirini na mmoja, anasoma hadithi ya Kiingereza sentensi moja moja. Watoto ishirini na sita wanaitikia kwa pamoja. Kisha anatafsiri kila neno kwa Kikirgizi, nao wanaandika. Anayepita kwenye korido atasema hapa watu wanasoma kwelikweli.

Lakini Zuurakan hatulii. Anainuka, anajifanya anafunga dirisha, anapita kati ya madawati. Safu ya tatu anasimama ghafla. Binti mmoja, Saikal, anaitikia kwa nguvu kuliko wote na hakosei hata neno. Kitabu chake kimefunguliwa ukurasa mwingine kabisa, wenye picha za matunda.

"Niliumia," anasema baadaye. "Si kwa ajili ya Saikal. Mtoto anajiokoa anavyojua. Ni kwamba nilimjua aliyemfundisha Perizat kufundisha hivyo. Ni mimi."

Miaka tisa iliyopita Perizat alikuwa mwanafunzi katika shule hiihii, kwenye kijiji cha bonde la At-Bashy. Aliyesimama mbele akisoma ili watoto waitikie alikuwa Zuurakan.

Zuurakan, sasa mwenye miaka hamsini na mitano, alisomea Kijerumani. Miaka ya tisini, nchi ilipobadilika, mkuu wa shule wa wakati huo alimwita akamwambia kuanzia Septemba atafundisha Kiingereza. Hakujua hata kuhesabu mpaka ishirini kwa lugha hiyo.

"Nilikuwa nawatangulia watoto kwa somo moja. Wiki nyingine nusu somo," anasimulia huku akitembea, maana kwenye kiti hakai. "Kule kuitikia kulinificha mimi kwanza. Darasa zima likipaza sauti, nani atagundua kuwa mwalimu hajui?"

Alijifunza taratibu, kwa kamusi, redio na kozi za likizo. Njia yake ya kufundisha aliibadilisha miaka mitatu tu iliyopita, baada ya mafunzo ya wiki mbili mjini Naryn. Perizat alikuwa ameshahitimu.

Kwa miaka kumi na moja amekuwa pia mlezi wa walimu wanafunzi. Amewapokea ishirini na wanne. Posho ya kazi hiyo, som (fedha ya huko) elfu moja na mia mbili kwa muhula, huishia kwenye chai na biskuti anazowanunulia haohao.

Mmoja wao hamtoki akilini. Kijana huyo, Ilgiz, alipomaliza somo lake la kwanza, Zuurakan alimpa orodha ya makosa thelathini na moja, yamepangwa kwa namba.

"Nilidhani namheshimu," anasema. "Akanishukuru. Jumatatu hakuja." Ilgiz sasa anapakia mizigo kwenye ghala, ng'ambo nchini Urusi. "Mama yake hunisalimia sokoni, tena vizuri. Afadhali angenitukana."

Ndiyo maana kengele ilipolia siku hiyo na Perizat akaingia chumba cha walimu, macho kwenye fomu, Zuurakan aliondoka kwenda kuleta chai. Akarudi. Akaenda tena kutafuta sukari ambayo ilikuwa mezani.

"Dada Zuurakan, kaa basi," mwalimu wa fizikia, Jumabek, alimtania. "Hiyo sakafu ina miaka sitini, utaitoboa."

Alikaa.

"Niambie tu, dada," Perizat alisema, kama wanafunzi wa huko wanavyowaita walimu wao wa kike. "Nimefeli?"

"Wewe mwenyewe umeonaje?"

"Usiniulize hivyo. Chuoni huwa wanaanza hivyohivyo, halafu wanakukata."

"Nakuuliza kweli."

"Walisoma vizuri. Hakuna aliyekosea."

"Saikal alikuwa ukurasa wa ngapi?"

Perizat alikunja uso. "Arobaini na moja, kama wenzake."

"Alikuwa kwenye matunda."

Perizat akaanza kukusanya vitabu vyake. Alisema binamu yake amempatia nafasi ya mapokezi katika hoteli moja Bishkek, mji mkuu, na majibu yanatakiwa Ijumaa. "Kule nikikosea, mgeni atanirekebisha palepale. Hapa watoto wananiimbia tu."

"Ngoja. Ulipokuwa darasa la sita, ulikuwa unaelewa unachosoma?"

Msichana alicheka kidogo, bila kutaka. "Hata chembe. Nilikuwa namfuatisha Nurjamal. Akifungua mdomo, na mimi nafungua."

"Nami nikakupa alama ya tano, ya juu kabisa."

"Tano tupu, dada. Mama akakaanga maandazi ya mtaa mzima."

"Basi hukukosea wewe. Hilo kosa ni langu, nilikukabidhi ukalibeba."

Zuurakan alidhani maneno hayo yatampunguzia msichana mzigo. Yalimchoma.

"Umejua tangu lini?" Perizat aliuliza.

"Miaka mitatu."

"Na sisi hukutuambia?"

"Mlikuwa mmeshaondoka."

"Nilikuwa chuoni, dada, siyo mwezini. Kila likizo nilikuja kukusalimia."

Akatoka. Jumabek akainamisha kichwa kwenye madaftari yake. Zuurakan akabaki anazungusha kikombe mezani, chai imepoa, akiamini amempoteza na huyu.

Dakika kumi baadaye mlango ukafunguliwa.

"Kipindi cha nne nina darasa la sita B," Perizat alisema, macho mekundu. "Hadithi ileile. Nifanye nini?"

Walikuwa na nusu saa. Zuurakan anakiri mikono ilimwasha kuandika orodha, akajizuia, akampa mambo matatu tu: waonyeshe picha kwanza wabahatishe kisa; waache wasome kimya; kisha uliza swali moja, kwa nini mbwa wa mzee hakurudi kwa njia aliyokwenda nayo.

Katika darasa la sita B, swali lilikaa dakika nne bila mkono hata mmoja kuinuka. Perizat alikuwa akimtazama mlezi wake kama mtu anayezama. Zuurakan alishika kingo za dawati kwa mikono miwili asije akainuka kumwokoa.

Mvulana mmoja alijibu kwamba mbwa alichoka. Msichana nyuma yake akambishia, akaweka kidole kwenye mstari. "Mwongo huyu, mwalimu. Hapa wameandika daraja limevunjika." Darasa likawa soko. Kila mmoja akatafuta mstari wake wa kumshinda mwenzake.

Perizat alipokusanya majibu, watoto kumi na mmoja kati ya ishirini na wanne walikuwa wameelewa.

"Kumi na watatu wamepotea," alisema kwenye korido.

"Wamepotea, ndiyo," Zuurakan alimjibu. "Lakini sasa unawajua kwa majina. Mimi wangu sikuwajua miaka ishirini na tano."

Ijumaa Perizat alimpigia binamu yake, akamwambia asimhesabu mpaka mafunzo yaishe mwezi wa Juni. Baada ya Juni haahidi kitu. "Bado nina hasira naye kidogo," anasema, akimwelekezea kidevu mlezi wake, ambaye anasikia na hakanushi.

Saikal sasa hubaki shuleni Jumatatu na Alhamisi kusoma na Zuurakan, kuanzia herufi. Mwalimu huyo amebakiza miaka mitatu kustaafu, na anataka kabla ya hapo walimu wote wanne wa Kiingereza shuleni wawe wakiingia madarasani mwa wenzao na kuambiana ukweli. Mkuu wa shule amekubali jambo hilo lianze Jumanne ijayo: Zuurakan atafundisha, Perizat atakaa nyuma na kuandika maoni.

Zuurakan anasema tangu akubaliwe amepanga somo hilo mara tano, na mara tano amelipangua.

"Niandike yote nitakayoyaona, dada?" Perizat anamuuliza.

"Matatu tu," anajibu, akisimama tena. "Lakini la kwanza liwe lile litakaloniuma."