Jezi ya Kipa

Juzi, nikiwa kwa mama mmoja mshonaji wa mtaa wa Mapendo, muzee mmoja aliweka mezani jezi ya kijani iliyochanika begani. Alikuwa kipa wa ekipe ya mpira ya kijijini kwao, nyuma ya mji wa Kiwanja. Baba yake ndiye aliyeianzisha.

"Mama, unishonee ingine kama hii."

"Na bachezaji bengine, papa?"

"Wakati wa vita bengine balikimbilia Uganda. Bengine tulibazika."

Mama akaweka mkasi chini. "Sasa utacheza na nani?"

Muzee akakuna shingo, amechoka hata nguvu ya kukasirika hana. "Siku tutarudia kwetu, lazima mutu akuwe tayari golini."

Mama akachukua utepe, akampima kifua. Nimechoka kusikia mipango ya amani mjini humu, ila huu wa kuanzia golini niliusikiliza hadi mwisho.